Sahani ya Kumi na Mbili

Mwili wa Mama Simiyu umeondoka Eldoret leo saa tatu asubuhi, na mimi sikuusindikiza. Nilihesabu viti vya basi la waombolezaji, nikahesabu watu, nikarudia, na mara zote mbili kiti changu kilikuwepo. Nikasema nitabaki kuosha vyombo. Wanawake wenzangu walinishukuru kwa moyo mweupe, maana hakuna apendaye kubaki na masufuria wakati wenzake wanakwenda kula ugali kwa kuku Bungoma. Mtu akikuona umechukua kazi mbaya bila kubembelezwa hudhani ni upendo. Soko limenifundisha vingine: anayekubali bei ya kwanza bila kubishana ana jambo lake analificha.

Alikuwa na jina lake la ubatizo. Nimelisoma juzi kwenye tangazo la kifo, na ilibidi nilisome mara mbili kwa sababu huyo mtu sikumjua. Mtaa wetu wote wa Huruma ulimwita Mama Simiyu. Ndivyo tunavyoitana hapa, mwanamke hubeba jina la kifungua mimba wake, na kwa wengi hiyo ni heshima. Kwake yeye ilikuwa kuulizwa swali moja kila siku na watu wasiojua kwamba wameuliza, muuza mboga, mzee wa kanisa, mtu wa maziwa, hata mimi. Mama Simiyu, umeamkaje? Mama Simiyu, mvua hii itaisha lini? Simiyu mwenyewe hatujamwona tangu mwaka niliokuwa na miaka ishirini. Huo mwaka ndio nataka kuueleza, kwa sababu wanaojua habari ya sahani tumebaki wachache, na mmoja wetu siku hizi ni mlinzi wa lango ambaye hapendi maongezi.

Mwaka huo kituo chetu kidogo cha polisi kililetewa mkubwa mpya. Sisi tulimwita Inchaji, kama tulivyowaita wote waliomtangulia, lakini huyu alikuja na neno mdomoni: ushirikiano. Alipaka chokaa mawe ya njia ya kituo. Alipanda miti kumi na minane kando ya ua, ng'ombe wakala kumi na minne. Aliandaa mechi kati ya polisi na vijana wa boda boda, polisi wakafungwa nne bila, na jioni hiyo hakuna kijana aliyekamatwa, jambo lililotushangaza kuliko mabao. Palikuwa hata na siku ya kazi ya kujitolea ambapo mafundi wa jua kali walikwenda kukarabati kituo bure. Simiyu, aliyekuwa fundi wa kuchomelea, alichomelea upya bawaba za mlango wa seli. Alirudi akitamba kwamba sasa mlango ule unafunga bila kelele.

Nilikuwa nakaa chumba cha tatu kwenye ploti yetu, Simiyu na mama yake cha nne, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mabati. Nilijua akikoroma amelalia upande gani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu, nyusi zimeungua kidogo kwa cheche, na alipenda kunitania kwa sababu nilikuwa sinunui nyanya bila ugomvi. "Mama Bei," aliniita. "Siku ya ndoa utamwambia padre apunguze maneno." Nami nilimwambia yeye atamchomelea bibi yake mlangoni asitoroke. Mama yake alikuwa akicheka kutoka upande wa pili, na kicheko chake kilifika kabla ya harufu ya kitunguu anachokaanga. Sitasema nilimpenda. Sitasema sikumpenda. Sikupata muda wa kujua, na mizigo ambayo sijaifungua huwa siitangazi.

Baraza la kwanza la polisi jamii lilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Inchaji alivaa sweta, bila kofia, ili tuone ana nywele kama sisi. "Polisi ni ndugu yenu," alisema.

"Ndugu gani anabisha hodi kwa buti?" mtu wa nyuma akauliza, na ukumbi ukacheka, na Inchaji akacheka pia, ndipo tukaanza kumwamini kidogo. Kisha Mama Simiyu akasimama. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mnene, mpole, mwenye sauti ya kuimbisha kwaya.

"Afande, mimi nauliza jambo dogo. Tukiwaletea watu wetu chakula hapo seli, nani hukila? Maana mwaka jana nilipeleka viazi kwa mtoto wa dada yangu, akatoka akiwa hajaonja hata ganda."

Kutokana na swali hilo yakazaliwa makubaliano. Kituo kilikuwa hakina jiko la mahabusu. Watu walipaswa kukaa pale saa chache tu kabla ya kupelekwa kituo kikubwa mjini, lakini gari lilikuwa moja na mara nyingi halina mafuta, kwa hiyo saa chache zilikuwa siku. Inchaji akasema yeye atatoa mahindi, maharagwe na makaa, sisi tupike, na chakula cha mchana kifike seli kila siku saa saba. Watu wakapiga makofi. Mimi, ambaye hata mwanachama wa kikundi sikuwa, nikanyoosha mkono.

"Na sahani?"

Kikundi kilikuwa na sahani dazeni moja, za bati lenye enameli, ukingo wa buluu. Chini ya kila moja tulikuwa tumetia tone la rangi nyekundu ya kucha, maana vyombo vya kikundi vikienda matanga au harusini bila alama havirudi, vinapata ndugu wapya. "Zikiingia ngapi, zitatoka ngapi?" nikauliza.

"Kila sahani itakayoingia itatoka," Inchaji akasema.

"Iandikwe."

Ikaandikwa. Papo hapo wakanipa mimi daftari na kazi ya kubeba, kwa kuwa nilikuwa nimejichongea mwenyewe. Tulikuwa watu zaidi ya sitini mle ukumbini. Nimewahesabu mara nyingi kichwani tangu siku ile, mstari kwa mstari, na hakuna hata mmoja, mimi nikiwa wa kwanza, aliyefikiri kuomba vilevile kwa ajili ya watu.

Tulipika nyuma ya kanisa, chini ya mabati mawili yaliyovuja mahali pamoja, na tulipajua mahali hapo kiasi kwamba hata jua likiwaka tulipakwepa. Mama Simiyu alikoroga githeri, mahindi na maharagwe pamoja, kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Kila asubuhi nilipitia kaunta ya kituo kuuliza idadi, kabla sijaenda sokoni kupanga mitumba yangu. Chumba hicho bado nakiona: benchi moja lililong'arishwa na makalio ya wenye shida, kalenda ya duka la mbolea, kitabu kikubwa cha matukio kilichofungwa kamba, na nyuma ya kaunta Koplo Mwangangi, mwanamume wa Ukambani mwenye macho ya mtu aliyeamshwa vibaya. Kule ndani, mbele ya seli, sikuruhusiwa kufika. Mimi nilijua watu kwa idadi tu. "Leo wangapi, afande?" "Leo saba." "Jana walikuwa tisa." "Wawili wameenda kortini, dada, ama ulitaka tuwaweke hadi waote mizizi?" Saa saba napeleka, saa kumi jioni nachukua, nahesabu, nahesabu tena, naandika. Koplo alikuwa mtu mzuri. Nalisema kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalonisumbua. Kama angekuwa mtu mbaya ningekuwa nimemaliza hesabu hii zamani.

Miezi saba ilipita hivyo, na niseme ukweli, tulikuwa na fahari. Wezi wa kuku walitoka seli wakitusifia maharagwe. Inchaji alileta wageni kutuona tukipika, wakapiga picha za Mama Simiyu na mwiko wake. "Hii ndiyo polisi jamii," aliwaambia.

Kisha Jumatano moja mashine ya kuchomelea ikaibwa kwenye karakana moja mjini. Alasiri gari la polisi lilipita kwenye vibanda vya jua kali likazoa vijana watatu. Wawili waliachiliwa kabla ya giza. Simiyu hakuachiliwa. Mama yake alikwenda kituoni akiwa bado na aproni, na Koplo Mwangangi akamjibu kupitia dirishani: "Yuko hapa, mama. Kesho ataandika taarifa yake, atoke. Nenda nyumbani." Nilimsikia akirudi, akitundika aproni, akisema peke yake upande wa pili wa bati, "Yuko. Amesema yuko," kama mtu anayekariri namba ya simu asiisahau.

Alhamisi asubuhi niliuliza kaunta. "Kumi na mbili," Koplo akasema, bila utani wowote.

Sahani zetu zote. Mama Simiyu alipakua moja moja, na ilipofika ya mwisho akatoa mfukoni nusu ya avokado, akailaza juu ya githeri, akainyunyizia chumvi.

"Mama, hiyo itafika kwa mwizi wa kuku," nikamwambia.

"Hata mwizi wa kuku ana mama," akasema. "Lakini wewe mwambie Koplo ni ya Simiyu. Yule ananiheshimu."

Nikamwambia. Koplo aliitazama ile avokado kwa muda mrefu kuliko avokado inavyostahili. Kisha akaichukua sahani ile kwa mikono yake miwili, akaipeleka ndani yeye mwenyewe, nyingine kumi na moja akamwachia konstebo.

Saa kumi nilirudi. Sahani zilikuwa kwenye kaunta, zimepangwa.

"Afande, naona kumi na moja."

"Hesabu tena."

Nilihesabu tena. Mimi huhesabu tena hata bila kuambiwa. Nikageuza moja moja nikaona tone jekundu chini, kumi na moja.

"Kuna moja imebaki ndani," akasema. "Njoo kesho."

Ijumaa asubuhi niliamka na ugomvi tayari mdomoni, kama mtu aliyeamka na wimbo. "Leo wangapi?" "Kumi na moja." Nikaisikia namba hiyo vizuri, nikaichukulia kama namba zote: mmoja ametoka, mmoja ameenda kortini, Ijumaa ni siku ya korti. Hata nilifurahi. Simiyu ametoka, nikajiambia, nitamkuta kibandani akiniita Mama Bei.

"Na sahani yangu?"

"Ilivunjika."

"Afande. Sahani ya bati inavunjikaje?"

Alikuwa akiangalia kalenda ya mbolea. "Nisikilize, dada yangu," akasema polepole. "Shika hizi nyingine uende. Tafadhali uende."

"Siendi. Tuliandikiana. Kila sahani itakayoingia itatoka." Nilipandisha sauti kidogo, sauti ninayotumia sokoni mtu akitaka kuondoka na koti. Watu wa benchi walianza kucheka. Mlango wa ofisi ukafunguliwa, Inchaji akatoka, shati halijaingizwa vizuri kwenye suruali, mtu aliyekuwa nadhifu kila siku.

"Ni nini?"

"Sahani yangu moja haijarudi, afande."

"Sahani?"

"Ndiyo."

"Ni sahani tu?"

"Ni sahani tu," nikasema.

Mabega yake yakashuka. Wakati ule sikujua nilichoona, lakini nimekiona mara nyingi tangu siku hiyo, kwa wauzaji: mtu anayekuuzia koti lenye tundu mgongoni, akidhani umeliona, kisha wewe unamuuliza habari ya kifungo. Anakuwa mkarimu ghafla. Inchaji alimtuma konstebo kwenye jiko la maafisa, ikaletwa sahani nyeupe yenye ukingo wa kijani, kubwa kuliko zetu. "Hii ni bora kuliko yako," akasema akitabasamu.

"Nimesumbuka asubuhi nzima, afande. Ongeza kikombe."

Akacheka kwa sauti. Kikombe kikaletwa. Nikaandika kwenye mstari wa Alhamisi: zimeingia 12, zimetoka 12. Nikatia sahihi, akatia sahihi, na nikaondoka nimebeba beseni kichwani kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nilitaka kumsimulia Mama Simiyu acheke. Lakini nilipofika jikoni nikaambiwa ameenda kortini kumchukua kijana wake, basi nikajiambia nitamchekesha akirudi.

Alirudi saa kumi na moja jioni na viatu mkononi. Kortini jina halikuwepo. Jumamosi alikwenda kituo kikubwa mjini, akaambiwa aulize kituo chetu. Jumapili aliuliza kituo chetu, konstebo akasema Inchaji hayupo. Jumatatu Inchaji mwenyewe akamfungulia kitabu cha matukio, akamwekea kidole kwenye ukurasa, majina kumi na moja, akamwambia kwa upole kwamba kijana wake hakuwahi kulala pale. "Labda ameenda kutafuta kazi Kitale, mama. Vijana ni vijana." Tulikwenda hospitali kuu, tukapita wodi za wanaume zote, mimi nikihesabu vitanda ili nisiangalie nyuso. Tulikwenda chumba cha maiti mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mama alifumba macho, na njiani kurudi akasema hana hakika. Kila tulipokwenda alikuwa na picha ya Simiyu ya kitambulisho ndani ya kitabu cha nyimbo. Nami nilikuwa na maneno yangu kifuani, ya sahani iliyobaki ndani. Siku ya kwanza sikuyasema kwa sababu sikuyaelewa. Siku ya pili niliyaelewa. Siku ya tatu nilikuwa nimechelewa siku moja, na mtu akishachelewa siku moja ya kusema, kila siku inayofuata huongeza bei, mpaka inafika bei ambayo hana.

Wiki kadhaa baadaye wakaja wachunguzi wawili kutoka Nairobi, maana kanisa lilikuwa limeandika barua. Walikaa kwenye ukumbi uleule, meza ileile. Inchaji alikaa kando akiwa amevaa sare safari hii. Mama Simiyu alikuwa kwenye benchi la mbele, nyuma ya kiti changu cha shahidi. Alisema aliyoambiwa dirishani, na mchunguzi mwanamume akaandika. Kisha wakamwita Koplo Mwangangi. Alikana kwamba aliongea na mama dirishani. Mchunguzi mwanamke, aliyevaa koti zito kama mtu aliyeonywa kuhusu baridi yetu, alikuwa amelisoma daftari langu. Alikuwa mtu makini, ningependa kufanya naye biashara.

"Alhamisi kituo kina majina kumi na moja," akasema. "Lakini chakula kilikwenda sahani kumi na mbili. Ya kumi na mbili ilikuwa ya nani?"

Koplo akaangalia sakafu.

"Nilikula mimi," akasema.

Ndipo mwanamke yule akanigeukia. "Dada, wewe ndiye uliyebeba. Sahani zilirudi zote?"

Nataka kusema nilifikiri sana, lakini sikufikiri. Niliona mambo. Niliona sahihi mbili kwenye mstari, yangu na yake. Niliona Inchaji akinitazama bila hasira, kama mteja anayejua bei yako ya mwisho. Niliona kibanda changu cha soko na njia ninayopita kwenda huko, na jinsi bawaba zile zilivyofunga bila kelele. Nyuma yangu nilisikia Mama Simiyu akivuta pumzi.

"Daftari linasema nini?" nikauliza.

"Nakuuliza wewe."

"Zilirudi kumi na mbili," nikasema. Waliuliza sahani, nikajibu sahani. Ni kweli zilirudi kumi na mbili, mtu yeyote angeweza kuzihesabu. Mchunguzi alifunga daftari langu taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili.

Kesi, kama ilikuwa kesi, iliishia hapo. Inchaji alihamishwa kabla ya Krismasi, kwenda mahali pakubwa zaidi. Koplo alihamishwa upande wa kaskazini. Na sisi, watu wakidhani tutaacha, tuliendelea kupika. Mama Simiyu ndiye aliyekataa tuache. Wengine walisema ni mtakatifu. Mimi niliyelala nyuma ya bati lake nilijua sababu. Kila asubuhi alinisubiri mlangoni nikitoka kituoni. "Leo wangapi?" Nikisema sita, anauliza jana walikuwa wangapi. Nikisema watano, macho yake yanaanza kufanya kazi: huyo wa sita ni nani, ametoka wapi, anaweza kuwa amerudishwa kutoka mahali. Na kwenye sahani ya mwisho kila siku aliweka nusu ya avokado, ziwe zimeadimika, ziwe zimejaa soko. Sahani ya ukingo wa kijani aliipenda kwa sababu ni kubwa. Aliitumia kuwekea avokado hiyo. Aliyeniuliza imetoka wapi nilimwambia nimeinunua, nayo ilikuwa kweli kuliko nilivyodhani. Mwisho wa mwaka uliofuata Inchaji mwingine akaja, akasema vyombo vya bati ni hatari kwa usalama wa seli, na mpango ukafa. Mawe ya njia yalibaki na chokaa miaka miwili zaidi.

Nimeishi. Siuzi mitumba ya koti tena, nauza mapazia, nina mashine mbili na mshonaji. Miaka minane iliyopita nilipeleka mapazia nyumba moja ya Elgon View, mtaa wa matajiri, mahali ambapo miti iliyopandwa hukua kwa sababu ng'ombe hawaingii. Mlinzi aliyefungua lango alikuwa mzee, sweta la kampuni limemzidi. Tulitambuana kwa wakati mmoja.

"Bado unahesabu?" akaniuliza.

"Nahesabu. Na wewe?"

"Mimi niliacha."

Mwenye nyumba alikuwa akinisubiri, mzigo ulikuwa begani. Nilikuwa na maswali ya miaka yote hiyo, nimeyapanga kama nguo, na midomo yangu ikachagua moja. "Alikula?"

Koplo Mwangangi alitazama barabarani, kushoto, kulia, kama bado yuko kazini. "Alikula yote," akasema. "Hata avokado. Akaniambia nimwambie mama yake imeiva vizuri." Kisha akafunga lango, mimi nikiwa ndani na yeye nje, na nilipomaliza kutundika mapazia zamu ilikuwa imebadilika.

Maneno hayo yalikuwa ya Mama Simiyu. Yalikuwa ujumbe wake, umetumwa kwake, na mimi nilikuwa mbebaji, kazi niliyopewa tangu ukumbini. Imeiva vizuri. Kuyapeleka ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa boda boda. Lakini angeuliza umejuaje, na nyuma ya umejuaje kulikuwa na sahani, na nyuma ya sahani kulikuwa na kikombe, kikombe ambacho nimekinywea chai. Nilimtembelea mara nyingi miaka hiyo minane. Nilimpelekea sukari, unga, pazia jipya la mlangoni. Kila mara nilisema leo, na kila mara nikaondoka nimeongeza kitu kingine juu ya sukari. Wiki iliyopita hospitalini hakuwa anatambua watu. Alinishika kidole akaniuliza, "Leo wangapi?" Nikamwambia wote wametoka, mama. Hata hapo nilidanganya.

Basi leo nimeosha vyombo. Sahani za kukodi mia moja na ishirini, sufuria sita, na ile dazeni ya kikundi, ambayo imekaa mikononi mwangu miaka yote hii na haijapotea hata moja; watu husema mimi ni mlinzi wa ajabu. Aliyenisaidia ni Naomi, binti wa jirani, msichana mwenye kucha ndefu na simu mfukoni, ambaye kikundi kimemchagua kuwa karani mpya kwa sababu sasa Eldoret ni jiji na majiji yana vijana. Aliketi kwenye kigoda, daftari magotini, akigeuza sahani moja moja kutafuta tone jekundu. Tumeyapaka upya mara nyingi, lakini yapo.

"Auntie, hii haina alama," akasema. Aliinua ile ya ukingo wa kijani. Enameli imebanduka katikati, mahali pa avokado. "Hii si yetu. Ni ya nani?"

"Zote ni ngapi?" nikauliza.

"Na hii, kumi na mbili. Niandike kumi na mbili?"

Niliangalia jua. Gari litakuwa limeshapita Turbo, labda hata Webuye, na ndani yake mwanamke ambaye ndiye pekee niliyekuwa na deni la jibu hili. Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji ya sabuni hadi viwiko.

"Hapana," nikasema. "Hesabu zilizorudi."

Akahesabu. Nikamwambia ahesabu tena.

"Kumi na moja, auntie."

"Kumi na moja," nikasema kwa sauti. Ilitoka kirahisi. Naomi akaiandika, akafunga daftari, akaniuliza kama sabuni imebaki.